Komeo, Kufuli na Kitasa: Historia ya Mlango wa Nyumba katika Mwambao wa Magharibi wa Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi

Wanafunzi wa historia ya Kiswahili wamezoea kuifuata safari ya lugha hii kutoka pwani hadi Kongo kwa kupitia misafara, vita na misheni. Njia hiyo ni nzuri, ila ina upungufu mmoja: inatuonyesha lugha ikiwa njiani, wala haituonyeshi ilivyoingia ndani ya nyumba za watu. Makala haya yanakusudia kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo kwa kuchunguza kitu ambacho kila mmoja wetu hukigusa asubuhi na jioni, yaani mlango wa nyumba, pamoja na vifaa vinavyoufunga na kuufungua.

Mahali pa uchunguzi ni Swima na vijiji jirani vilivyo kwenye barabara ya ziwani inayotoka Uvira kwenda Baraka, katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini. Upande wa mashariki kuna Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa hilo ni Tanzania na Burundi. Upande wa magharibi milima huanza karibu mno na barabara. Wakazi wengi ni Wabembe, na Kiswahili ni lugha yao ya soko, shule, kanisa na karakana. Ni mahali pazuri kwa kazi yetu, kwa sababu fundi mmoja wa Swima, akiutaja mlango mmoja, hutumia maneno yaliyofika ziwani katika nyakati nne tofauti.

Hoja yangu ni kwamba tabaka hizo za maneno hazikujipanga ovyo. Kila tabaka ya vifaa vya mlango ilikuja wakati uhusiano wa mtu na nyumba yake ulipobadilika: nani alibaki ndani, nani aliondoka, na aliyeondoka alitumaini nini atakaporudi. Kwa hiyo anayeyasahihisha maneno hayo kwa haraka, akiyaita Kiswahili kibovu, anafuta kumbukumbu ambayo haikuandikwa mahali pengine.

2. Mlango kabla ya chuma

Tuanze na neno lenyewe. "Mlango", ambalo wengi kwetu hulitamka "mulango", ni neno la asili ya Kibantu, na ndugu zake wametapakaa katika nchi za maziwa makuu. Waganda wana "omulyango". Warundi na Wanyarwanda wana "umuryango", neno linalotaja mlango na pia ukoo. Hata katika Kiswahili cha pwani mtu huweza kuulizwa ni wa mlango gani, akaelewa kwamba anaulizwa ukoo wake. Jambo hili si la kubahatisha. Kwa mababu zetu mlango haukuwa ubao. Ulikuwa uwazi, mahali ambapo watu wa nyumba moja hupita. Waliopita mlango mmoja walikuwa ndugu.

Kilichouziba uwazi huo kilikuwa kitu chepesi: matete yaliyofungwa pamoja kwa kamba, au mbao zilizochongwa kwa shoka. Sehemu zake za msingi bado zina majina ya Kibantu. "Mwimo", ule mti unaosimama kandoni mwa mlango, umetokana na mzizi wa kusimama tunaouona katika "ima" na "simama". "Pingo", mti unaolazwa nyuma ya mlango ili usisukumwe, umetokana na "pinga". "Komeo" linakwenda pamoja na kitenzi "komea".

Hapa pana jambo ambalo mwanaisimu hana budi kulitazama kwa makini. Pingo na komeo vina majina yanayotokana na tendo la kufunga, na vyote viwili hufanya kazi kutoka ndani. Mlango wenye komeo hauwezi kufungwa na mtu aliye nje. Kwa maneno mengine, nyumba yenye komeo ni nyumba ambayo mtu yumo. Mvuvi wa ndagala anayetoka usiku usio na mwezi, akibeba taa zake kwenda ziwani, huacha nyuma mke na watoto, nao ndio wanaokomea. Alfajiri, akirudi na samaki wake, hubisha hodi kwake mwenyewe na kungoja kufunguliwa. Usalama wa nyumba ya namna hiyo hautoki katika mti wa komeo peke yake, bali katika kuwapo kwa watu: walio ndani wa kufungua, na majirani walio nje wa kusikia. Nyumba ikibaki tupu, huwa chini ya ulinzi wa jirani.

3. Njia ya pwani

Tabaka ya pili ilikuja na biashara ya misafara. Burton na Speke walifika ziwani mwezi wa Februari 1858, wakapanda mashua hadi Uvira mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Lakini wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamewatangulia, na Ujiji ilikwisha kuwa kituo chao. Katika miaka iliyofuata, watu kama Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, walijenga makao makubwa huko Maniema, na Muhammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, akawa na nguvu katika sehemu za kaskazini za ziwa.

Watu hao walikuja na namna yao ya kujenga. Nyumba ya pande nne yenye baraza ilitaka mlango mrefu ambao mtu hupita bila kuinama. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, ambamo Stanley alikaa mwaka 1871 na Livingstone mwaka 1872, linajulikana kwa milango yake ya nakshi. Kule Unguja, mlango ulikuwa cheti cha heshima ya mwenye nyumba, na nyumba ya Tippu Tip katika Mji Mkongwe bado yatambuliwa kwa mlango wake. Mlango wa pwani ulikuwa na bawa mbili na mfaa katikati. Zaidi ya hayo, mlango ule wa kale haukutegemea bawaba za chuma: kila bawa lilizunguka juu ya vigingi vyake viwili, kimoja kikiingia kizingiti cha juu na kingine cha chini. Kwa nje ulifungwa kwa mnyororo uliotiwa katika tumbuu, kisha kufuli.

Kwa kadiri tunavyoweza kuona, nakshi hazikuota mizizi katika vijiji vya ziwani. Kilichobaki ni maneno, na maneno yaliyobaki ni ya chuma: "kufuli" kutoka Kiarabu "qufl", na "bawaba" yenye asili hiyohiyo. Pamoja nayo likaja jina la kitu kidogo chenye maana kubwa, yaani ufunguo.

Neno "ufunguo" ni la Kibantu kabisa, nalo linatupa somo. Kutokana na "funga" tunapata "fungua", kwa kiambishi kinachogeuza tendo. Wakongo wengi husema "fungula", wakiihifadhi ile l ambayo pwani imeidondosha. Kwa upande huu Kiswahili chetu ni cha kale zaidi kuliko sanifu. Lakini angalia: ufunguo hufunga pia, wala haukuitwa ufungo. Umepewa jina kwa tendo la kufungua, yaani kwa tendo la mtu anayerudi. Komeo ni kifaa cha aliyebaki. Ufunguo ni kifaa cha aliyeondoka akiwa na nia ya kurejea. Jamii yenye ufunguo ni jamii ambayo watu wake wamekwisha kuanza kuacha nyumba tupu.

4. Misheni, reli na seremala

Tabaka ya tatu ilianza taratibu. Mapadre Weupe walifungua kituo cha Masanze, karibu na rasi ya Ubwari, mwaka 1880, na kituo cha Kibanga mwaka 1883. Kibanga iliachwa mwaka 1893 kwa sababu ya maradhi, na kazi ikahamia kusini, Kirungu, mahali palipoitwa Baudouinville na ambapo leo ni Moba. Wamisionari walijenga kwa matofali, na ukuta wa matofali hauvumilii mlango uliokisiwa kwa jicho. Unataka miimo iliyonyooka, pembe za mraba na vipimo. Katika karakana za misheni vijana walijifunza kutumia randa, patasi, msumeno na timazi.

Hata hivyo, fundi asiye na bidhaa hawezi kuibadili nchi. Bidhaa zilikuja na reli. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo ilifika Albertville, ambayo leo ni Kalemie, mwaka 1915. Mwaka 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza haki ya kupitisha mizigo yao katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Tangu hapo misumari, parafujo, bawaba na vitasa viliweza kuvuka ziwa kwa meli badala ya kubebwa kichwani.

Serikali ya kikoloni nayo iliwakusanya watu kandokando ya barabara, ili iwe rahisi kuwahesabu na kuwatoza kodi. Vijana walichukuliwa au walijitafutia kazi ya mshahara migodini na mijini. Kwa mara ya kwanza wanaume wengi waliondoka kwa miezi au miaka, na mshahara wao ukarudi ukiwa nguo, baiskeli, cherehani: vitu vinavyobebeka na kuibika. Ndipo kufuli likawa kitu cha kawaida.

Lugha ya mwajiri ikaacha alama. Kufuli likaitwa pia "kadena", kutoka Kifaransa "cadenas". Kitasa kikaitwa "serire", kutoka "serrure". Bawaba ya mlango mzito ikaitwa "pomele", kutoka "paumelle". Maneno haya hayakuingia kwa sababu Kiswahili kilikuwa na upungufu. Yaliingia kwa sababu kifaa chenyewe kilinunuliwa katika duka lenye orodha ya Kifaransa, na fundi alikifunza kwa msimamizi aliyesema Kifaransa. Angalia pia namna yalivyonyooshwa: sauti u ya Kifaransa, isiyokuwapo kwetu, imekuwa i katika "serire", na maneno yanayoishia kwa konsonanti katika matamshi ya Kifaransa yamepata irabu ya mwisho. Sarufi iliyofanya kazi hapo ni ya Kiswahili.

Yafaa kukumbuka kwamba kamati ya kusanifisha Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulikia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Kwa hiyo kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na zilizofuata, hazikumsikiliza seremala wa Fizi. Kukosekana kwa "serire" katika kamusi si ushahidi kwamba neno si la Kiswahili. Ni ushahidi wa mahali ambapo mpaka ulipita.

5. Ufunguo usio na mlango

Tabaka ya nne ni ya uchungu. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilifika Uvira, kisha vikashuka kando ya ziwa. Watu wa Fizi walivuka maji kwa maelfu kwenda mkoa wa Kigoma, wakapokewa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Vita vya pili vilianza Agosti 1998, na katika siku za kufunga na kufungua mwaka, kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, raia wengi waliuawa Makobola, jirani kabisa na eneo letu.

Katika vita vya Kivu, mlango na mabati ni miongoni mwa vitu vya kwanza kung'olewa. Sababu ni rahisi kuelewa. Ukuta wa udongo haubebeki. Mlango hubebeka, huuzwa, na huwa kuni mtu akikosa mnunuzi. Nyumba iliyong'olewa mlango na paa haimalizi misimu mingi ya mvua kabla ya kuta zake kuanguka. Hivyo mtu aliyekimbia na ufunguo mfukoni alibaki na kitu kilichokuwa na maana moja tu: nitarudi. Kifaa kilichopewa jina kwa tendo la kurudi kilikaa ng'ambo ya ziwa miaka tisa au zaidi kikingoja.

Safari za kurudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, chini ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zilianza Oktoba 2005. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Waliorudi walikuta nyumba zilizobomoka, na wengine walikuta watu wengine ndani. Hapo suala la mlango likawa suala la haki. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya serikali, na wanakijiji wengi hawana hati ya maandishi. Ushahidi wa mtu ni mwembe alioupanda, kaburi la baba yake, na majirani wanaokumbuka nani alikuwa akitoka mlango upi. Ufunguo peke yake haushindi shauri. Jirani anayesema "huyu ndiye tuliyekuwa tukimbishia hodi hapa" huweza kulishinda. Ule ulinzi wa zamani wa macho na masikio ya watu, uliotangulia chuma, ulirudi kuwa wa mwisho kutegemewa.

Waliorudi walikuja pia na maneno. Miaka ya Kigoma, pamoja na redio na biashara ya Tanzania, iliwazoesha kusema "fremu", "kitasa", "geti" na "grili". Leo katika karakana moja mzee husema "serire", kijana aliyezaliwa kambini husema "kitasa", na wote wawili wameshika kifaa kimoja. Asiyejua historia husikia mchafuko. Anayeijua husikia nani alibaki na nani alivuka.

6. Kuchagua na kusimamisha mlango

Historia hii ingekuwa pungufu kama isingefika kwenye benchi la seremala, kwa maana maamuzi ya mjenzi wa leo yanarudia maswali yaleyale ya kale.

Swali la kwanza ni la mti. Mvule na mninga hukaa miaka mingi, lakini bei yake ni kubwa. Mkaratusi hupatikana kwa urahisi, ila ukipasuliwa mbichi hujikunja na kufanya nyufa. Mbao ni lazima ikauke kivulini kabla ya kuungwa. Karibu na ziwa hewa ina unyevunyevu, na mlango uliokazwa mno wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, utavimba masika na kukwama katika fremu. Kwa hiyo fundi mzoefu huacha nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Ncha za chini za miimo ndizo zinazoliwa na mchwa kwanza, nazo hupakwa dawa au mafuta machafu ya injini kabla ya kuzikwa.

Swali la pili ni la unyoofu. Fremu hupimwa pembe kwa pembe: vipimo viwili vikilingana, ni mraba. Timazi huonyesha kama mwimo umesimama wima. Ukilala kidogo, mlango utajifungua au kujifunga wenyewe kila siku. Mlango mzito hutaka bawaba 3, zilizokazwa kwa parafujo, si kwa misumari, kwa sababu uzito huung'oa msumari polepole. Pini za bawaba zikae ndani. Zikiwa nje, mwizi hana haja na kitasa.

Swali la tatu ndilo la zamani kuliko yote: nani yumo? Kufuli la nje ni rahisi kununua na kubadilisha, lakini linamtangazia kila mpita njia kwamba nyumba ni tupu. Pia halimfai aliye ndani. Kitasa kilichozamishwa katika ubao hufanya kazi pande zote mbili na hakisemi lolote. Lakini shimo lake huudhoofisha ubao, basi yafaa ubao uwe na unene wa sentimita 4 au zaidi. Anayechagua kufuli ahakikishe kwamba parafujo za tumbuu hazionekani mlango ukiwa umefungwa, au atumie bolti zenye nati kwa ndani. Na komeo lisisahauliwe. Wajenzi wengi wa siku hizi hununua kitasa cha bei na kuliacha komeo kama kitu cha kishamba, ilhali usiku, watu wakiwa ndani, ndilo lisilo na ufunguo wa kuigwa.

Milango ya bati iliyochomelewa imeenea sana tangu Baraka ilipoanza kukua baada ya vita. Haiogopi mchwa, wala haivimbi. Hata hivyo hupata kutu kwa unyevu wa ziwa isipopakwa rangi mara kwa mara, na hugharimu sana kuitengeneza pale ambapo hakuna umeme wa kuchomelea. Uchaguzi wake nao una historia: ni mlango wa watu waliokwisha kuona wa mbao ukivunjwa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba vifaa vya mlango wa Swima vina tabaka nne za maneno. Ya kwanza, ya Kibantu, inataja uwazi na watu waliomo. Ya pili, ya pwani, inaleta chuma na ufunguo wa anayeondoka. Ya tatu, ya Kifaransa, ni ya mshahara, reli na duka. Ya nne, ya Kitanzania, ni ya ukimbizi na kurudi. Hakuna hata moja iliyoifukuza iliyotangulia. Nyumba nyingi zina komeo, kufuli na kitasa katika mlango mmoja.

Kutokana na hayo napendekeza mambo mawili kwa idara zetu. Kwanza, wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za kazi zao za mwisho wapelekwe katika karakana, wakakusanye istilahi za useremala, uashi na uchomeleaji kwa kutaja kila neno lilitoka kwa nani na lilifika lini. Mafundi waliofunzwa kabla ya mwaka 1960 ni wachache mno sasa, na maneno yao hayangojei. Pili, mwalimu anayefundisha "kitasa" asimwadhibu mtoto anayesema "serire". Amwonyeshe kwamba ana maneno mawili kwa kitu kimoja, na kwamba kila neno ni njia ambayo mtu wa nyumbani kwake aliwahi kuipita. Kamusi ya Kiswahili cha Kongo, itakapoandikwa, itahitaji yote mawili, pamoja na "fungula" yenye l yake.

Kiswahili kiliingia nyumbani kwetu kwa mlango, na kama desturi inavyotaka, kilibisha hodi kwanza. Wajibu wetu ni kuandika waliokiitikia walisema nini.